Fahamu: Kwa nini foleni ya seva ya ramani huwekewa ukomo

Ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004, humfikia mtumiaji ikiwa imekatwa vigae, yaani picha za mraba zenye pikseli 256 kila upande. Katika kiwango cha ukuzaji cha 18, dunia nzima ni vigae zaidi ya bilioni 68, hivyo vingi havichorwi hadi viombwe.

Uchoraji hufanywa na programu ya renderd, ikipokea maombi kutoka mod_tile, moduli ya seva ya Apache. Huchora vigae 64 kwa mkupuo, kwa kuwa kuiuliza hifadhidata mara moja kuhusu eneo pana ni nafuu kuliko kuiuliza mara 64. Kigae ambacho hakijawahi kuchorwa hutangulia. Kilichochakaa husubiri, maana toleo la zamani lipo la kuonyeshwa. Foleni ya maombi ikijaa, yanayozidi huhamishiwa foleni ya akiba, na hiyo nayo ikijaa, hutupwa.

Maombi yakianza kutupwa, kishawishi cha kwanza cha msimamizi ni kuongeza ukomo wa foleni. Mara nyingi ni kosa. Nyuzi 4 za renderd, yaani kazi zake zinazochora sambamba, zikitumia sekunde 2 kwa kila mkupuo, ombi la 32 hukamilika baada ya sekunde 16. La 320 huchukua sekunde 160, na aliyeliomba ameshaondoka zamani. Foleni ndefu haiongezi kasi hata chembe. Kinachoongeza ni nyuzi zaidi, mradi vichakataji, kumbukumbu na diski ya hifadhidata vihimili. Zikizidi, hugombania diski na kila mkupuo huchelewa.