Klachi Iliyolala Msimu Mzima

Honda CG125 ya zamani ilisukumwa hadi kijiweni kwangu Tunduma. Ilikuwa imekaa stoo huko Mbozi msimu mzima wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mwenyewe, mzee mstaafu aliyezungukia mashamba ya kahawa kwa pikipiki hiyo miaka mingi, alipiga kiki mara mbili ikawaka. Akabana klachi, akaingiza gia ya kwanza. Pikipiki ikaruka mbele na kuzima.

"Fundi, klachi imekufa."

"Haijafa, mzee. Imeganda."

Watu wengi hutupa pleti nzima kwa kutojua tofauti hiyo. Nyuma ya kava la kulia la injini kuna bakuli, na ndani yake pleti zimepangwa kwa kupishana: ya chuma tupu, halafu yenye utando wa kushikia. Springi 4 huzibana pamoja muda wote, na ukivuta mkono wa klachi unazilegeza ziachane. Zote zinaogelea kwenye oili ileile ya injini. Pikipiki ikilala miezi, springi haziachi kubana: oili inakamuliwa, inayobaki inakuwa kama gundi, na unyevu unatia chuma kutu. Hapo ukivuta mkono mbano wa springi unaondoka, lakini pleti zimeng'ang'aniana.

Anza na waya. Mkono wa klachi unatakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ukilegea kupita hapo, pleti hazitaachana hata zikiwa mpya. Waya ukiwa sawa, washa injini ikiwa frii mpaka ipate moto, oili iwe nyepesi. Zima. Ingiza gia ya tatu au ya nne, bana klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma kwa nguvu. Ikikataa, funga mkono wa klachi kwa kipande cha tyubu ulale umebanwa usiku kucha, oili ipenye taratibu, asubuhi urudie. Nyingi huachia hapo. Ninachokikataa kabisa ni kuiwasha ikiwa kwenye gia na kuipeleka barabarani huku unapiga breki ili klachi iachie. Kwa msongamano wa malori ya mpakani hapa, unacheza na roho yako na za watu.

Ya mzee iligoma hata baada ya usiku huo, ikabidi nifungue. Nilimwaga oili, nikatoa kiki, kava, kisha bolti za springi, nikizilegeza kwa kupishana, kidogo kidogo. Katikati kuna kifungio: kwenye injini nyingine ni ringi, kwenye nyingine ni nati yenye mikato inayotaka spana yake maalumu. Nati hiyo usiigonge kwa patasi. Nimeona nyingi zilizoliwa hivyo, na huyo anayefuata kufungua ndiye anayeumia.

Pleti zilitoka zimeshikana kama chapati zilizolala. Nikazitenganisha kwa kisu butu cha kupakia puti, maana bisibisi huchana utando. Kwenye chuma kutu ilikuwa imechora umbo la kila kipande cha utando wa pleti jirani, mstari kwa mstari. Nikazisugua kwa msasa laini, nikaziweka moja moja juu ya kioo kuona kama zimepinda. Zilikuwa zimenyooka. Zenye utando nilizisafisha tu, nikaziloweka kwenye oili safi kabla ya kuzirudisha. Kingo za bakuli nazo zipapase kwa kidole: zikiwa na vijishimo, pleti zitakwama humo hata ukinunua mpya. Wakati wa kufunga, bolti zikaze kwa upole, aluminiamu huchanika nyuzi haraka.

Ikibidi kununua, nenda dukani na pleti ya zamani mkononi, linganisha meno na unene. Injini ya CG imeigwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina, hivyo vipuri si adimu, ila si vyote vinalingana. Oili nayo iwe ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA kwenye kopo. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayoteleza mlimani ni tatizo jingine. Kwa wenye Yamaha DT125: oili inayochanganyika na petroli haifiki kwenye klachi. Gia zina oili yake pembeni, na hiyo ndiyo husahaulika miaka.

Jioni mzee aliondoka. Kwenye barabara kuu alisimama kupisha malori, gia ya kwanza ndani, klachi imebanwa, na pikipiki ikatulia tuli chini yake.