Nairobi hadi New York: Kilomita Zile Zile, Saa Tofauti

Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kati ya viwanja hivyo viwili, Jomo Kenyatta na John F. Kennedy, kuna kama kilomita 11,840. Kwenda huchukua takriban saa 15, kurudi takriban 14, na abiria huuliza kwa haki: hiyo saa moja imekwenda wapi?

Tuanze na kilomita zenyewe. Ukiweka rula juu ya ramani ya ukutani, mstari utapita Nigeria na Mali kisha uingie Atlantiki. Mstari huo unadanganya, kwa sababu dunia si bapa. Kaza uzi juu ya tufe la darasani uione njia fupi ya kweli: inapanda kaskazini-magharibi kupitia Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, inatokea baharini Morocco, na huko Atlantiki inafika kaskazini zaidi ya New York yenyewe kabla ya kuteremka. Huokoa kama kilomita 350, karibu nusu saa angani. Hata hivyo rubani haifuati kama ilivyo. Hufuata njia za anga zilizopangwa, na mara nyingine hulazimika kuzunguka, kama ilivyokuwa anga ya Sudan ilipofungwa vita vilipozuka Aprili 2023.

Ile saa moja huliwa na upepo. Nje ya tropiki, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, pepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini. Anayekwenda Marekani anapambana na mbisho. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa ikikabili upepo wa 100, husogea 800 tu. Ikigeuka, upepo ule ule huifikisha 1,000. Kwa hiyo mimi siviamini vikokotoo vinavyogawa umbali kwa mwendo. Hapa vitakupa saa 13 na dakika chache, bila upepo, bila muda wa kutoka maegesho hadi njia ya kurukia. Ratiba ya shirika huhesabu vyote hivyo, tangu ndege inapoacha maegesho hadi inaposimama mwisho wa safari.

Saa za ukutani nazo hupotosha. Wakati wa baridi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Wakati wa kiangazi chao, saba. Ukiondoka Nairobi saa 5:30 usiku mwezi Januari, utatua saa 12:30 asubuhi ya huko: kwa saa za tiketi ni saa saba tu, ilhali umekaa kitini 15. Kurudi, tiketi itaonyesha kama saa 22, nawe umeruka 14.

Basi kabla ya kununua tiketi ya kuunganisha safari, geuza saa zote ziwe za Nairobi, ndipo utoe.