Mwanafalsafa Aliyewatoa Walimu wa Kilimo Darasani

Rufus Stimson hakusomea kilimo. Alisoma falsafa Harvard, William James akiwa mmoja wa walimu wake, kisha thiolojia huko Yale. Chuo cha Kilimo cha Connecticut kilimwajiri kufundisha Kiingereza, na mwaka 1901 akawa mkuu wake. Mwaka 1908 akakiacha cheo hicho akaenda kuongoza shule mpya ya kilimo mjini Northampton, Massachusetts, iliyojengwa kwa fedha za Oliver Smith, tajiri aliyefariki 1845 na kuusia kwamba sehemu ya mali yake izalishwe kwa miaka 60 kwanza.

Huko ndiko alikokataa kulitegemea shamba la shule. Kijana akipalilia viazi vya shule, vikioza hasara si yake. Kwa hiyo Stimson alitaka kila mwanafunzi awe na mradi nyumbani kwao: kuku, viazi au bustani ya mboga. Alipe gharama, aandike matumizi na mapato daftarini, na mwalimu amfuate huko huko akamkague.

Ugumu ukawa kumpata mwalimu wa namna hiyo. Kuanzia 1911 hadi alipostaafu 1938, Stimson alisimamia elimu ya kilimo ya jimbo zima, na walimu ndio waliokuwa shughuli yake kubwa. Massachusetts mazao hukua kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Mwalimu wake basi alipaswa kuwa kazini mwaka mzima. Tena ilibidi aweze kusimama mbele ya mzazi aliyelima tangu utotoni, akashauri bila kujikweza. Hilo halifundishwi kwa chaki.

Mwaka 1917 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alitia saini sheria ya Smith-Hughes (Smith huyu ni seneta, si yule wa wosia). Serikali kuu ikaanza kuchangia mishahara na maandalizi ya walimu wa kilimo, kwa sharti linalofanana na la Stimson: wanafunzi wafanye kilimo kwa vitendo, chini ya usimamizi, angalau miezi sita kwa mwaka.

Kenya nayo ina mradi katika mtihani wa Kilimo wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, karatasi ya tatu. Lakini mara nyingi mradi huo ni tuta la shuleni. Alama zikishatolewa, habari imeisha. Chuo Kikuu cha Egerton na vyuo vingine vinavyoandaa walimu wa somo hili vingeweza kuanzia hapa: mwalimu mwanafunzi aliye kwenye mazoezi ya kufundisha apimwe pia kwa mashamba ya wazazi aliyoyatembelea.