Shemeji, Segere yangu iko wapi?

Kanda yangu pekee ya Tabora Jazz, wana Segere Matata, shemeji kaifuta! Juu yake karekodi King Crimson, Waingereza wa mwaka 1969. Nikaisikiliza hapa Isevya kwa hasira. Wimbo wa kwanza kelele tupu: saksafoni inalia kama mtu anayekabwa. Lakini jamani, ule wa tatu, "Epitaph"! Kinanda chao, melotroni, kinaliza. Niliurudisha mara nne.

"Moonchild" ndiyo balaa. Dakika 12, nyingi ni kugusagusa vyombo tu. Shem Kalenga angekuwa ameshajaza ukumbi!

Nyimbo za upande wa kwanza zilipokatika, kanda ikaendelea kuzunguka. Mara ikasikika "Dada Asha", kipande tu. Nikakaa chini. Shemeji arudi Ujiji na redio yake.