Paa Lako Liko Tayari kwa Mvua?

Kule Canada watu wanaogopa barafu juu ya paa. Sisi huku Katanga, baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inauma mikono tu. Adui wa nyumba anakuja mwezi wa 10 ao wa 11: ule upepo wenye kutangulia mvua. Kwa dakika chache mabati yanaruka mpaka kwa jirani, na watoto wako chini.

Zamani katika kambi za Gécamines, bati likitoboka, kompani ilituma fundi. Tangu maelfu ya wafanyakazi waache kazi miaka ya 2003 na 2004, paa limekuwa muzigo wa baba na mama wa nyumba.

Wengi wanapandisha mawe na tairi juu ya mabati. Mimi sikubali desturi hiyo. Upepo mukali haulali juu ya paa. Unapita na kulinyonya, tena unaingia kwa dirisha na kulisukuma kutoka ndani. Jiwe halitoshi kuzuia nguvu ile, na likianguka, linaanguka juu ya mutu. Kinachosaidia ni kufunga. Mbao za paa zifungwe na chuma chenye kushuka mistari mitatu ao mine ya matofali, si mustari wa mwisho peke yake. Musumari upigwe juu ya mugongo wa wimbi la bati, hapana ndani ya bonde penye maji yanapita. Na pembeni iwe mingi, sababu upepo unaanzia pale.

Kuko kosa lingine la sisi watu wa mines: kufunga mabati na waya wa shaba. Ni mwingi huku, inaonekana kama ni bure. Lakini maji ya mvua yakipita juu ya shaba yanabeba kidogo yake, nayo inakula zinki ya bati, kisha kutu inafuata. Tumia waya wa chuma wenye zinki. Moshi wa kiberiti wa viwanda unafanya vilevile; kama unaelekea kwako, kagua paa kila mwaka.

Na eterniti ya zamani? Nyingi iko na amianti, na mavumbi yake yanaharibu mapafu. Vijana, musiikate na musumeno, musiivunje. Kama imepasuka, muiloweshe na maji, muitoe nzima, watoto wakae mbali.

Siku ya kununua mabati mapya, uliza namba: BG 28 ni nene kuliko BG 32, hata kama muuzaji anaapa yote ni sawasawa.