Mzigo wa Chukudu, Mzigo wa Programu

Anayeshusha viazi kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka Kibumba hadi mji wa Goma hufunga mzigo wote palepale anapoondokea. Njiani hakuna pa kuongezea. Anayetengeneza programu kwa Python angefaa kumtazama.

Python, lugha aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, huandikwa kama maandishi ya kawaida. Kompyuta haiyatekelezi mpaka awepo mkalimani, yaani programu nyingine ya kuyasoma. Aliyeandika anaye mkalimani huyo. Mwenye duka mtaani Birere, Goma, aliyeagiza programu ya kuhesabia mali hana. Ukimwambia ampakue mwenyewe, umemtuma akanunue mega za intaneti, na hapo wengi huacha.

Zana iitwayo PyInstaller huondoa tatizo hilo. Huchunguza moduli ambazo programu inaziita, ikazikusanya pamoja na mkalimani, kisha ikafunga vyote katika folda moja au faili moja. Faili moja inapendeza, lakini kila ikifunguliwa hujitandaza kwanza kwenye folda ya muda, kwa hiyo huchelewa kuanza, na antivairasi nyingine huishuku. Mimi huchagua folda. Jambo jingine: kifurushi cha Windows hufungiwa kwenye Windows. Ukikifungia kwenye Linux, utapata cha Linux.

Kwa simu kuna Kivy, maktaba ya Python ya kutengenezea programu zenye skrini ya kugusa. Mwenzake, Buildozer, huifunga kazi ya Kivy iwe APK, yaani faili ya kuweka programu kwenye simu ya Android. Mara ya kwanza hupakua zana zenye uzito wa gigabaiti kadhaa; siku hiyo omba umeme usikatike. Kisha amua ni chipu zipi utazihudumia. Ukiweka za biti 64 pamoja na za biti 32 zilizomo katika simu nyingi za zamani, mkalimani huingia mara mbili na kifurushi kinanenepa. Afadhali APK mbili nyembamba, kila simu ipewe yake, maana programu nyingi hupitishwa mkono kwa mkono, kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu.

Kabla ya kusambazwa, APK hutiwa saini kwa ufunguo wa siri, nao ni faili ndogo tu kwenye kompyuta yako. Android hukataa toleo jipya lisilo na saini ileile ya awali. Ufunguo ukipotea, wateja wanaotaka toleo jipya watalazimika kuiondoa programu na kuiweka upya, na hesabu zilizohifadhiwa ndani yake zitafutika. Na ufunguo hupotea kirahisi: volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji wa Goma ikaamriwa kuhama, watu waliondoka na walichoweza kubeba. Kompyuta ya mezani haibebeki kichwani. Leo hii nakili ufunguo wako kwenye flashi, ufunge kwa nenosiri, umpe ndugu aliye Bukavu au Butembo akutunzie.