Ilhamu na Wajibu wa Mtunzi

Katika mijadala ya fasihi, istilahi wahyi na ilhamu aghalabu huchanganywa. Kwa itikadi ya Kiislamu, wahyi ni ujumbe wa Mwenyezi Mungu kwa mitume wake, nao ulikoma kwa Mtume Muhammad. Ilhamu ni fikra njema itiwayo moyoni mwa mja. Haina mamlaka ya wahyi, wala haimkingi mja huyo na kosa.

Tofauti hii ina uzito kwa mtunzi. Anayedai kwamba shairi lake limeshushwa kutoka mbinguni hujifungia mlango wa kusahihishwa. Mwana Kupona binti Mshamu hakudai hivyo. Alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alimwita akaribie na wino na karatasi, kisha akamtaka atangulize jina la Mungu na kumtaja Mtume. Dua na kalamu vilikwenda pamoja. Aidha, kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, na kina cha mwisho ni kimoja tangu mwanzo hadi tamati. Nidhamu ya namna hiyo huhitaji jasho.

Hivyo basi, ilhamu huitikiwa kwa mambo matatu: shukrani kwa aliyeitoa, bidii katika kuifinyanga, na unyenyekevu wa kukubali kukosolewa. Mola humpa mja mbegu. Kulima na kupalilia ni juu ya mja mwenyewe.